Usiku Mama Duke Alipozima Taa

Ukitoka Merigi jioni ukiteremka kuelekea kijitoni, kitu cha kwanza ulichokiona ng'ambo ya pili kilikuwa taa ya Kemuma. Ilikaa juu ya nguzo ya blugamu nyuma ya zizi la ng'ombe, kubwa, nyeupe, kali kama zile za mulika mwizi zinazowekwa sokoni, na mwanga wake ulimwagika juu ya chai mpaka chini bondeni. Vijana wa bodaboda walimwelekezea mgeni kwa taa hiyo. "Ukifika kwa taa ya Mama Duke, kata kushoto."

Duke, mwanawe wa pekee, ndiye aliyeileta baada ya baba yake kufariki. Alikuwa anafanya kazi Naivasha kwenye mashamba ya maua, na mama yake alikuwa amekataa kabisa kuhamia huko. Angewaachia nani ng'ombe wake, na kuku, na chai iliyokuwa ndiyo kwanza inachipua vizuri baada ya kukatwa? Basi Duke akaja na fundi wa stima siku ya Jumapili, nguzo ikasimamishwa, waya zikavutwa, na kabla ya kurudi akamwambia mama yake, "Hii usiizime hata siku moja."

Kemuma hakuizima. Saa kumi na mbili alifunga geti kwa mnyororo, na giza lilipoanza kuingia alibonyeza swichi iliyokuwa ukutani jikoni, kisha akakaa ndani na redio yake hadi usingizi umjie.

Alikuwa ameishi kwenye kilima kile zaidi ya nusu ya maisha yake. Mumewe, Ogari, alitoka Kisii akiwa kijana kuja kuchuma chai kwenye kampuni, akapapenda, akanunua kipande cha shamba kwa baba wa Kiptanui, jirani yao wa ng'ambo ya kijito. Huyo Ogari alikuwa mtu wa watu. Alijifunza Kikipsigis mpaka akawa anawatania wazee kwa lugha yao wenyewe, na hakukuwa na arusi wala mazishi ya upande ule ambayo hakuonekana akibeba viti. Alipokufa, watu walijaa boma lake wiki nzima. Wakachanga, wakapika, wakamzika vizuri, halafu kila mmoja akarudi kwake, na Kemuma akabaki akisikiliza kimya cha nyumba.

Si kwamba alikuwa amegombana na mtu. Kwenye kituo cha kupimia majani ya chai aliwasalimia na wao wakamsalimia. Ila moyoni alikuwa amejiambia kwamba wale walikuwa watu wa Ogari, na kwa kuwa Ogari hayupo, hakuwa na haki ya kuwasumbua. Kikipsigis chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni tu. Akaona afadhali akae na taa yake.

Sasa, Jumamosi moja mwanzoni mwa Desemba, mwanamume mrefu mwenye mvi za kando na koti la bluu la kiwandani akasimamisha pikipiki mbele ya geti lake.

"Hodi hapa!"

"Karibu," Kemuma akajibu, lakini hakufungua. Alikuwa anawakatia ng'ombe majani ya nepia, na panga lilikuwa bado mkononi.

"Naitwa Seth Ooko, mama. Ni fundi wa mashine pale kiwanda cha chai. Nimekuja na ombi moja, na nakusihi usicheke."

"Sema."

"Naomba uzime taa yako."

Kemuma akamtazama kupitia vyuma vya geti. Hakuona la kuchekesha. "Nizime taa."

"Kwa saa moja tu. Jioni mapema, watu wakiwa bado wanapika."

"Na ng'ombe wangu watakuwa wapi hiyo saa moja?"

"Watakuwa zizini."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa hapa hapa kwako. Napiga picha za nyota."

Hapo Kemuma akacheka, na akacheka kwa muda, kwa sababu alikuwa amesikia wezi wakijifanya watu wa stima, watu wa sensa na hata watu wa kanisa, lakini wa nyota hakuwahi kumsikia. Seth akangoja amalize. Akatoa kamera nyeusi kwenye mkoba, akaiwasha, akaipitisha kidogo katikati ya vyuma ili aone kioo chake cha nyuma. Kulikuwa na picha ya anga yenye vumbi la nyota, na chini yake paa la kiwanda.

"Nyota tu hizi," Kemuma akasema.

"Ni nyota tu, ndiyo."

"Sasa kwa nini usipige za huko huko kwenu?"

"Kiwandani taa ni nyingi kuliko watu. Nimetembea miezi miwili natafuta mahali. Kilima chako kinaangalia mashariki, mbele hakuna nyumba iliyo karibu, hakuna nguzo, ni chai tupu hadi ng'ambo. Hakuna mahali pazuri kama hapa. Shida ni hiyo taa, mama. Inameza anga lote."

Kemuma akafikiri kidogo. "Una mke?"

"Niko naye. Anaitwa Jerusa. Yuko nyumbani, Nyakach."

"Mpigie simu."

Seth akaona ni mzaha, lakini uso wa mama yule haukuwa na mzaha. Akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Baba Beverly, umekula?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Bado. Kuna mama hapa anataka kukusalimia."

"Mama gani?"

Kemuma akasogea karibu na geti. "Mimi ni Mama Duke, wa hapa karibu na Merigi. Huyu mtu amekuja kuniambia nizime taa ya boma yangu usiku. Nataka kujua kama ni mzima."

Jerusa akaangua kicheko kikubwa. "Dada yangu, pole sana. Amekuja kwako na hiyo maneno ya nyota? Huyo si mwizi. Angekuwa mwizi tungekuwa tumejenga ghorofa. Alikuja likizo akanizimisha taa ya kuku, tukiwa huko nje tunaangalia juu kama watalii, kicheche akabeba jogoo."

"Akabeba jogoo?"

"Jogoo mzima! Mzimie tu, lakini funga kuku kwanza."

Kama Jerusa angemsifu mumewe, Kemuma asingefungua. Lakini mwanamke anayesema mambo ya jogoo kwa uwazi namna ile hawezi kuwa mke wa mwizi. Akafungua mnyororo.

Wakanywa chai kwenye benchi la nje. Seth akamsimulia kwamba zamani alikuwa mpiga picha wa arusi wa kutegemewa, kutoka Silibwet hadi Sotik, kila Jumamosi na suti yake. Kisha simu zikaja, kila shangazi akawa mpiga picha, na kamera ikalala kwenye sanduku chini ya kitanda. Siku moja stima ikapotea kiwandani. Akatoka nje kwenda kuangalia jenereta, akainua macho, akasahau jenereta. Alipotoka kazini alichukua kamera, akaiweka juu ya pipa la mafuta, akaacha lenzi wazi kwa muda, na picha ilipotokea ilikuwa na nyota ambazo yeye mwenyewe kwa macho yake hakuziona.

"Kumbe kamera inaona kutuzidi?" Kemuma akauliza.

"Inavumilia kutuzidi. Jicho likitazama linaona na kusahau hapo hapo. Kamera ukiifungua inakusanya mwanga pole pole, kama mtu anayekinga maji ya paa."

Alichotaka sasa ni picha ya mwendo. Angepiga picha nyingi mfululizo bila kuisogeza kamera, kisha kompyuta ingezipanga moja juu ya nyingine, na kila nyota ingeonekana imechora mstari wa njia iliyopita. Huku karibu na ikweta, alisema, zile zinazotoka mashariki hasa hupanda wima, kama moshi siku isiyo na upepo. Alitaka mistari hiyo ipande kutoka kwenye chai.

Kemuma hakujua kama ameelewa, lakini alipenda namna alivyoeleza, akitumia mikono yote miwili, chai yake ikipoa. Akamwambia aje Jumatatu.

Jumatatu kulikuwa na mawingu. Jumatano ikanyesha tangu saa nane, mvua ya mawe kidogo kisha ukungu, na Seth hata hivyo akaja, akakaa chini ya paa la jikoni akila mahindi ya kuchoma na kuomba radhi kwa niaba ya mbingu. Akiwa hapo akainoa mashine ya kukatia nepia, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa. Ijumaa upepo ukavuma mchana kutwa, na jua lilipotua anga lilikuwa safi, hata unyoya wa wingu haukuwapo.

Seth akasimamisha stendi ya miguu mitatu juu kabisa ya chai, hatua chache mbele ya zizi, akaielekeza kamera bondeni na ng'ambo kwa kina Kiptanui, ambako taa ndogo za jikoni zilikuwa zinaonekana hapa na pale. Kemuma akawafungia kuku, akahakikisha mlango wa zizi, akarudi kuhakikisha tena.

"Uko tayari, Mama Duke?"

"Sijui. Ngoja."

Alisimama jikoni na kidole kwenye swichi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuibonyeza ikiwa inawaka, isipokuwa asubuhi. Akakumbuka sauti ya Jerusa kwenye simu, akatabasamu, akazima.

Giza lilimwangukia kama blanketi zito. Alitoka nje akipapasa ukuta, akaita, "Seth!" kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka.

"Niko hapa. Usiwashe simu, mama. Simama kidogo, macho yatazoea."

Akasimama. Kwanza aliona weusi wa paa la zizi. Halafu akaona mstari wa kilima cha mbele. Halafu, bila kujua zilianzia wapi, akaona nyota, na kadiri alivyotazama ndivyo zilivyozidi kutokeza, mpaka zikawa hazina nafasi baina yake. Juu zaidi nyota za Kilimia zilikuwa zimejikusanya kama vifaranga. Mbele, juu kidogo ya kilima, nyota tatu zilikuwa zimesimama moja juu ya nyingine, sawasawa, kana kwamba mtu ameziweka kwa kamba.

"Hizo tatu," Seth akasema kwa sauti ya chini, "ndizo nazitaka. Zinapanda katikati kabisa."

Kamera ikaanza kazi. Ilikuwa inajipiga yenyewe: *tak*, kimya kirefu, *tak*, kimya kirefu. Ng'ombe mmoja akapumua kwa nguvu zizini. Umande ulikuwa unashuka, na baada ya muda Seth akamulika lenzi kwa taa ndogo nyekundu, akaguna kwamba kioo kitaanza kufanya ukungu, kinahitaji joto. Kemuma akaingia jikoni, akapasha punje za wimbi kwenye sufuria, akazitia ndani ya soksi kuukuu ya Duke na kuifunga fundo. Seth akaizungushia lenzi taratibu kama anayemfunga mtoto shali.

"Sasa kamera yako imevaa soksi," Kemuma akasema.

"Jerusa asijue. Atanicheka hadi Krismasi."

Wakakaa kwenye magunia matupu ya majani. Hofu ya Kemuma ilikuwa imeshuka polepole bila yeye kuiona ikishuka. Alikuwa anafikiri jinsi Ogari alivyopenda kukojoa nje usiku na kukawia huko, na yeye akimwita kitandani aje alale, na leo ndipo alipoelewa alichokuwa anakitazama. Akacheka peke yake. Alikuwa karibu kumsimulia Seth, ndipo nduru ikapigwa ng'ambo.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kali, ndefu. Ikajibiwa na nyingine kutoka juu zaidi, kisha mbwa wote wa bonde wakaanza. Milango ikafunguka. Tochi moja ikawaka kwa kina Kiptanui, ya pili ikawaka chini yake, na kabla Kemuma hajasimama vizuri zilikuwa nyingi, zinateremka kilimani kwa kasi, zinaingia kwenye chai, na zote zilikuwa zinakuja kwake.

 Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, watu waliotoka Kisii walipokuwa wakifukuzwa, Duke akiwa bado wa kubebwa mgongoni, yeye na Ogari walilala ndani ya chai siku mbili, wamejibana chini ya matawi, wakitazama tochi kama hizi zikipita. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba tangu wakati huo tochi nyingi zikiwa pamoja zinamrudisha chini ya matawi yale. Akageuka kukimbilia swichi, akajikwaa kwenye gunia, akaanguka kwa magoti.

"Mama Duke!" mtu akapiga kelele kutoka kijitoni. "Mama Duke! Tunakuja! Usifungue mlango!"

Ilikuwa sauti ya Kiptanui.

"Mama Duke, uko salama?" Hii ilikuwa ya mwanamke, na alikuwa analia na kukimbia kwa wakati mmoja. Tecla, mke wa Kiptanui.

Kemuma akabaki pale chini kwa magoti yake, mkono kifuani, akisikia jina lake likiitwa kutoka kila upande wa bonde.

Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, lakini hakuna aliyejali geti. Walipita kwenye chai, wakaruka ua, na wa kwanza kufika alikuwa kijana mmoja wa Kiptanui, aliyemwona Seth amesimama na kitu chenye miguu mitatu, akamrukia na kumkaba koti.

"Nimeshika mmoja!"

"Mwachilie!" Kemuma akasema, lakini sauti haikutoka. Akasimama, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, "Mwachilie huyo! Ni mgeni wangu! Ni mimi nimezima taa!"

 Kiptanui akafika akihema, rungu mkononi, mguu mmoja na gambuti, mwingine na kandambili iliyokatika. Nyuma yake watu wakazidi kuingia, wanaume kwa wanawake, wengine na panga, mmoja na mwiko wa ugali bado una unga.

"Wewe umezima?" Kiptanui akauliza.

"Ndiyo, ni mimi."

"Kwa mkono yako?"

"Kwa mkono wangu. Huyu anapiga picha za nyota."

Kiptanui akamtazama Seth, akaitazama kamera na soksi yake, akainua uso akazitazama nyota, akarudi kwa Kemuma. Akakaa chini kwenye majani kama gunia lililokatwa kamba. "Ai, mama. Umetumaliza."

Tecla alikuwa amemkumbatia Kemuma na hakuwa anamwachilia. "Stima ikipotea inapotea yote," alisema huku akifuta machozi na ncha ya leso. "Leo nimetoka kumwaga maji, naangalia hivi, naona yetu iko, ya jirani iko, yako peke yake ndiyo haiko. Nikajua wamekata waya. Nikajua wako ndani na wewe. Kila siku nikimaliza vyombo lazima niangalie hiyo taa ndiyo nilale. Mimi nikiiona najua umefunga nyumba, uko sawa."

"Unaiangalia kila siku?"

"Si mimi tu. Uliza hawa."

Kemuma hakuuliza. Nyuso zilikuwa mbele yake, zimelowa umande na jasho, na aliyekuwa na mwiko alikuwa anautafutia mahali pa kuuweka.

Hapo hapo kamera ikasema *tak*.

Kijana aliyemkaba Seth akaruka nyuma. Mtu akacheka, kisha wa pili, kisha kicheko kikapasuka kote kilimani, hata Kiptanui akawa anajipiga paja kwa mkono. Kemuma naye akacheka mpaka akalazimika kumshika Tecla. Baadaye akaingia jikoni, akaweka sufuria kubwa kabisa aliyokuwa nayo, ile ambayo haikuguswa tangu mazishi, na maziwa yote ya jioni yakaingia humo. Watu wakanywa chai wakiwa wamesimama gizani, kwa zamu, kwa sababu vikombe havikutosha. Seth akawaonyesha watoto Kilimia. Hakuna aliyekumbuka kuwasha taa.

"Picha yako imeharibika," Kemuma akamwambia Seth alipokuwa anafunga stendi.

"Tochi zimeingia zote," Seth akakiri. "Si kitu. Anga haliendi popote."

Wiki iliyofuata akarudi na bahasha kubwa ya kaki. Alikuwa ameichapisha picha Bomet mjini kwa karatasi nzuri, akaiweka juu ya meza mbele ya Kemuma.

Juu kulikuwa na mistari, mamia ya mistari myembamba, mingine ya rangi ya samawati, mingine ya rangi ya chai ya maziwa. Ile ya katikati ilipanda wima kutoka kilimani, na mitatu kati yake ilikuwa imebanana karibu karibu. Ile ya kushoto ilipinda kidogo kushoto, ya kulia ikapinda kulia, kama majani ya mgomba yanavyofunguka. Ilikuwa nzuri kama alivyosema. Lakini macho ya Kemuma yalikuwa yameshuka chini. Huko kwenye chai kulikuwa na mistari mingine, minene, ya dhahabu. Mmoja ulianzia kwenye nyumba ya juu kabisa. Mwingine ulitoka kando ya kituo cha majani. Mingine ilitoka kulia, kushoto, kila penye nyumba palitoka mmoja, ikateremka, ikavuka kijito, ikapanda kupitia chai, na yote ilikuja kukutana chini ya picha, pale alipokuwa amepiga magoti.

Akaufuata mmoja kwa kidole. "Huu ni wa Tecla. Amepita kwa daraja la mbao." Akafuata mwingine. "Na huu unaokatika katika?"

"Huyo ni mtu aliyekuwa anaanguka na kuamka."

"Kiptanui. Na kandambili yake."

Akaendelea kuitaja, mmoja mmoja, na mmoja hakujua ni wa nani, akasema atauliza. Kisha akanyanyuka ghafla, akaenda jikoni, akasuuza kikombe kilichokuwa safi. Alikaa huko kidogo. Seth akatazama kuku kupitia mlangoni, akamwachia nafasi yake.

Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imetulia. "Nilikuwa nasema ni watu wa Ogari."

"Sasa je?"

"Sasa lini utarudi kupiga ile yako nzuri?"

"Jumamosi, kama hutajali. Mwezi utakuwa unachelewa kutoka."

"Basi lazima nipite kuwaambia kwanza. Siwezi kumuua Kiptanui kwa mbio."

Akapita kweli. Alidhani ni kazi ya asubuhi moja, nyumba hadi nyumba, kusema maneno mawili na kuondoka: Jumamosi taa itazimwa, msikimbie. Lakini hakuna nyumba iliyomkubalia kusema akiwa amesimama. Kwa mmoja akawekewa uji, kwa mwingine viazi, kwa mwingine akaonyeshwa mjukuu mpya na kuambiwa ambebe. Ilimchukua siku mbili. Kwa Tecla alikaa muda mrefu kuliko kote, wakinywa mursik, maziwa ya mgando, kwenye vikombe vya bati karibu na moto, na Tecla akamwambia bila kuzunguka, "Mimi nilifikiri hutaki watu. Geti unafunga jua likiwa bado liko. Nikasema, wacha nisimsumbue, nitakuwa naangalia taa."

Kemuma akajaribu kumjibu kwa Kikipsigis, akakosea katikati, Tecla akamrekebisha, wakacheka wote wawili, na jibu lenyewe likasahaulika.

"Basi Jumamosi msije," Kemuma akasema akiaga.

"Tutakuja tu," Tecla akasema. "Tutakuja bila panga."

Na wakaja. Walifika mapema, kabla ya kamera kuanza, na Seth akawaomba wazime tochi na simu zao na wakae nyuma ya stendi. Wakakaa kwenye magunia kando ya zizi, wamejifunika mablanketi na makoti, watoto wamelala mapajani. Kemuma akazima taa bila kusita. Duke alipiga simu katikati ya shughuli kutoka Naivasha, amesikia maneno kutoka kwa mtu, na Kemuma akajibu kwa mnong'ono kwamba yuko sawa, asimpigie sasa, ana wageni. Duke akauliza wageni gani usiku. "Majirani," akasema, akakata.

Picha ya Seth ikatoka safi. Hata tochi moja haikuingia. Alipomaliza, nyota zile tatu zilikuwa zimeshapanda juu sana na umande ulikuwa umelowesha kila kitu, akamwita Kemuma.

"Betri bado iko. Piga moja yako."

"Mimi? Nitaiharibu."

"Utaelekeza unakotaka, utabonyeza hapa, halafu utaachia mkono. Usiiguse tena mpaka ilie."

Kemuma akaigeuza kuelekea zizi walikokaa watu, akachungulia, akaielekeza juu kwenye Kilimia, akaishusha kidogo, akaipandisha. Mbele yake walikuwa wananong'ona kwa Kikipsigis na mtu akamwambia mwingine anyamaze. Akabonyeza. Akarudi nyuma hatua moja na kuweka mikono mgongoni kama mtoto wa shule, akazuia pumzi, akasimama hivyo hivyo mpaka kamera ikalia.

Picha ikatokea kwenye kioo kidogo. Ilikuwa imeinama upande mmoja, nyota zimejaa, na kwenye kona ya chini kulikuwa na kitu cheusi cha mviringo kimeingilia anga.

"Hiki ni nini?" Kemuma akauliza.

Tecla akaja kuchungulia juu ya bega lake. "Ni kichwa changu hicho. Nilisimama kidogo kunyoosha mgongo."

Seth akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kufuta. "Nifute upige nyingine?"

"Wewe, acha," Kemuma akasema, akamwondoa mkono. "Iache hivyo hivyo."